Pembe Nne za Kitambaa

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na habari hii, nakuomba unyoshe mkono uchukue kitambaa cha meza, au leso ya mfukoni, au kitu cho chote cha nguo kilichoshonwa pindo pande zote nne. Kigeuze upande wa ndani, utazame pembe yake moja. Usitazame maua yaliyodariziwa katikati, wala rangi, wala usikumbuke bei uliyolipa. Tazama pembe tu. Huenda utaona pindo la upande mmoja limepanda juu ya pindo la upande wa pili, na nyuzi zinachungulia, na ukibana hapo kwa vidole viwili utasikia kitu kigumu kama punje ya hindi iliyofichwa ndani. Au huenda utaona mstari mmoja mwembamba utokao kwenye ncha ya pembe na kuingia ndani kwa mshazari, umeigawa pembe sawasawa, na ukibana hapo husikii cho chote. Kitambaa cha namna hii ya pili ndicho ninachotaka kukuelezea leo.

Mimi ni mwalimu wa ushonaji hapa Mpanda kwa miaka mingi sasa. Wasichana wengi wamepita mikononi mwangu, na akina mama pia, na vijana wa kiume wachache ambao sasa wana cherehani zao barazani kwa watu. Karibu kila mmoja wao, tukifika kwenye somo la pembe, huniuliza swali moja: Mama, kwa nini unatusumbua hivi, na hakuna mtu atakayegeuza kitambaa kutazama chini? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Wala haifai kulijibu kwa kusema tu kwamba unadhifu ni jambo jema, maana mtu aliyeacha jiko lake na watoto wake ili aje kushona hataki maneno matupu. Mimi hulijibu kwa hesabu.

Chukua karatasi ya daftari. Kunja ukingo wake mara moja, kiasi cha upana wa kidole, kisha ukunje tena mara ya pili. Hilo ndilo pindo letu la kawaida. Hesabu karatasi zilizolaliana: ni 3. Sasa kunja vivyo hivyo ukingo wa jirani yake, mpaka mikunjo ikutane pembeni. Hesabu tena hapo pembeni. Tatu zimekunjwa mara tatu, nazo ni 9. Basi kwenye kitambaa chenye pindo la kawaida, katikati kuna nguo moja, ukingoni kuna tatu, na pembeni zipo tisa.

Fikiri sasa yanayoipata pembe hiyo yenye tabaka tisa. Kwanza sindano ya cherehani lazima izitoboe zote. Nguo ikiwa poplini, itapita kwa kunung'unika. Ikiwa khaki au kitani kizito, sindano hupinda au hukatika, na mshono huruka hatua mbili tatu hapo hapo panapotakiwa nguvu. Halafu inakuja pasi. Pasi hupanda juu ya uvimbe ule kama gari lililopanda jiwe, nguo iliyo kando haiguswi, na uvimbe wenyewe hupata moto wote, hata ukang'aa au ukaungua. Kisha kufua. Sabuni na uchafu hukaa katikati ya tabaka. Katika mvua zetu, zianzazo kama mwezi wa Novemba na kuendelea hata Aprili, kitambaa kizima kitakauka kambani na pembe zitabaki mbichi. Ukikikunja jioni ukaweka kabatini, ukungu utaanzia pembeni. Na nguo ikichakaa, utaona inachanika kando ya uvimbe, pale inapopindwa na kunyoshwa kila siku dhidi ya kitu kigumu.

Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna aonaye pembe. Pasi yaiona, maji yaiona, na kitambaa chenyewe chaiona.

Namna ya kuondoa uvimbe huo ni ya zamani sana, tena haikuanza na washonaji peke yao. Tazama fremu ya picha iliyotundikwa ukutani kwako. Seremala hakulaza ubao mmoja juu ya mwingine. Alikata ncha ya kila ubao kwa mshazari wa digrii 45, akazikutanisha ncha mbili, zikafanya pembe kamili ya digrii 90. Waingereza hukiita kiungo hicho kwa jina lile lile la kofia ndefu ya Askofu, na kweli ukiikunja pembe ya nguo kabla ya kuishona utapata ncha yenye umbo la kofia hiyo. Muuguzi naye, akitandika kitanda cha hospitali, huikunja pembe ya shuka kwa mshazari kabla ya kuichomeka chini ya godoro, na mgonjwa ageuke usiku kucha, shuka haichomoki upesi. Yeye hatumii sindano hata moja, lakini jambo ni lile lile: kitu kinachozidi pembeni hakirundikwi, hupewa njia.

Bibi zetu hawakuhitaji elimu hii, nami hukasirika nikisikia mtu akisema kwamba walikuwa hawajui kushona. Kanga hutoka kiwandani ikiwa doti, yaani vipande 2 vilivyoungana. Unaikata katikati na kupinda ncha zilizokatwa, basi. Kingo mbili za urefu zimekwisha fungwa na mfumaji, hazichanuki, hazihitaji pindo. Pembe ya kanga ina tabaka tatu tu, nayo hulala vizuri mwilini. Pindo la pande nne lilikuja kwetu pamoja na vitu vingine vyenye pembe nne: meza, kitanda cha chuma, dirisha la pazia, na altare.

Katika nchi hii ya Katavi jambo hilo lina historia yake. Ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Palipo na altare pana vitambaa, na palipo na vitambaa lazima pawe na mtu wa kuvishona na kuvifua. Mojawapo ni korporale, kitambaa cha kitani kinachotandikwa chini ya kalisi. Hukunjwa sehemu tatu kwa urefu na tatu kwa upana, kikaonyesha miraba 9 kikifunguliwa. Ukishona pembe zake nene, kitu hicho hakikunjiki; hujifungua chenyewe kama mdomo. Mimi mwenyewe nilifundishwa na sista mmoja mzee wa huko Karema, ambaye aliweza kuishika pembe ya kitambaa akiwa amefumba macho na kusema ni kazi ya mkono wa nani kati yetu. Hakupata kukosea, na jambo hilo lilitutisha kidogo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Nitaeleza pole pole, na ukitaka unaweza kufuatisha kwa karatasi kabla ya kugusa nguo.

Anza na kitambaa kilichonyoka. Wengi hapa hukata kwa kufuata macho, au hupasua kwa mikono, kisha hushangaa pembe zinapokataa. Nguo imefumwa kwa nyuzi za mtande na za mshindio zinazopishana, na pembe haiwezi kuwa pembe kamili kama hukufuata nyuzi hizo. Chomoa uzi mmoja taratibu kutoka ukingo hata ukingo. Utaacha njia nyembamba kwenye nguo, nawe ukate kwa mkasi juu ya njia hiyo. Ni kazi ya dakika kumi. Tena, kama nguo ni pamba, iloweke na kuikausha kabla ya kukata, maana pamba hurudi, na pembe uliyoipima leo itavutana kesho kutwa.

Tuseme wataka kitambaa cha meza cha sentimeta 120 kila upande, chenye pindo la sentimeta 4. Kata sentimeta 130. Hizo 10 zilizozidi ni 5 kila upande: 1 ya mkunjo wa kwanza na 4 za pindo. Kunja sentimeta 1 pande zote nne upande wa ndani na upige pasi. Kisha kunja zile 4, piga pasi pia, pande zote nne. Sasa fungua ule mkunjo mkubwa, lakini ule mdogo uache kama ulivyo. Pembeni utaona alama mbili za pasi zimepishana kama msalaba. Pale zinapokatana ndipo itakapokuwa ncha ya kitambaa chako. Itie alama ndogo ya chaki.

Halafu pima kutoka kwenye ncha ya nguo, ukifuata ukingo, sentimeta 8 upande huu na sentimeta 8 upande huu. Kwa nini 8? Kwa sababu ni mara mbili ya upana wa pindo. Pindo likiwa la sentimeta 3, pima 6. Likiwa 2, pima 4. Hiyo ndiyo siri yote, msomaji, wala hakuna nyingine. Ukiunga alama zile mbili kwa mstari, mstari utapita juu ya ule msalaba wa pasi barabara. Usipopita hapo, kuna mahali ulipopima vibaya, na ni heri ugundue sasa.

Kunja nguo kwa mshazari, uso kwa uso, hata alama mbili za ukingoni zilaliane na ncha ya nguo ijikunje katikati. Piga bandi, kisha shona kutoka alama ya ukingoni hata alama ya msalaba iliyo kwenye mkunjo. Tazama mshono wako unavyoufikia mkunjo: ni lazima ufike umesimama wima, kama ukuta na sakafu. Mshono ukija umelala, pembe itatoka imechongoka au imebutuka. Rudi nyuma hatua tatu kila mwisho ili uzi usifumuke.

Jaribu kwanza kuigeuza kabla ya kukata. Wanafunzi wangu huniona mkaidi kwa neno hili, lakini nalirudia kila mwaka: geuza, tazama, na ukiridhika, rudisha, ndipo ukate. Mshono huweza kufumuliwa, mkasi haufumuliki. Ukikata, acha nusu sentimeta kutoka kwenye mshono, na pale kwenye ncha punguza kidogo zaidi kwa mshazari. Panua mshono kwa kucha, uupige pasi, kisha geuza pembe itoke nje. Kuisukuma ncha usitumie mkasi wala msumari, itatoboka. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa kikawa butu kinafaa sana, au kitako cha kulabu ya kufumia.

Ukifika hapo, pindo litalala lenyewe, na pembe itakuwa na nguo mbili tu pamoja na kamshono kembamba. Linalobaki ni kushona pindo lote kuzunguka. Kwa vitambaa vya kila siku, shona kwa cherehani. Sioni aibu ndani yake, na anayesema kwamba kazi ya mashine si kazi ya mkono hajapata kuendesha cherehani ya miguu kutwa nzima. Kwa kitambaa cha arusi, au cha kanisani, au kilichodariziwa, shona kwa mkono kwa mshono wa kujificha, ukiokota uzi mmoja au miwili tu ya nguo ya juu. Vaa subana.

Kwa kazi ya kudarizi nina neno la ziada. Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania, si mbali na hapa mjini, na nimekutana na akina mama wa huko wenye mikono ambayo mimi siwezi kuifikia. Ndege wao karibu hulia juu ya shuka. Lakini mara kwa mara nimeona ua zuri limedariziwa karibu sana na pembe, na pindo lilipokunjwa likameza nusu ya petali. Piga pasi mikunjo yote ya pindo kwanza, pembe pia, ndipo uchore ua lako. Mama mmoja aliniambia kwamba akifanya hivyo mchoro wake unakuwa mdogo. Nilimjibu kwamba mchoro wake ulikuwa mdogo tangu mwanzo, ila hakuuona.

Haya yote ningeweza kuyaandika mwaka wo wote. Nayaandika sasa kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu, ambalo wahusika wameniruhusu kulieleza bila kutaja majina.

Akina mama saba walijiunga pamoja kushona. Walikuwa na cherehani moja nzuri ya miguu, mali ya mjane mmoja, na nyingine mbili za kuombaomba Mungu. Walipata kazi kwenye nyumba moja ya wageni: vitambaa vya meza 12, vyeupe, vyenye pindo pana. Mwenye nyumba alitoa arubuni kidogo, isiyotosha nguo. Basi wakachukua nguo kwa mkopo dukani, na mwenye duka akataka dhamana. Dhamana iliyopatikana ni ile cherehani ya mjane. Iliandikwa kwenye karatasi: fedha isipolipwa mwisho wa mwezi, cherehani itahama.

Walishona kwa siku tisa, wakavipeleka vimekunjwa vizuri. Kesho yake vilirudishwa vyote. Mwenye nyumba alisema pembe zimevimba kama majipu, vitambaa havilali juu ya meza, na baada ya kufuliwa mara moja viwili vimekwisha ungua pembeni kwa pasi. Alisema hayo ukumbini, mbele ya wapishi na wageni. Nilipoitwa kuvitazama niliona kwamba katika kuvirudisha alikuwa na haki kabisa, na katika namna ya kusema hakuwa nayo. Mambo haya mawili huweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Mwezi ulikuwa umebaki na siku sita.

Vitambaa 12 vina pembe 48. Tuliketi jioni ya kwanza kwa yule mjane, tukaanza kufumua. Kufumua nako kuna akili yake. Usivute uzi, kata mshono mmoja katika kila mitano kwa ncha ya mkasi mdogo upande mmoja, kisha ugeuze, na uzi wa upande wa pili utatoka mzima. Matundu ya sindano yaliyobaki yalitisha wengine, wakadhani vitambaa vimekwisha haribika. Lakini nguo ilikuwa pamba. Tuliiloweka, tukaipiga pasi ikiwa ingali mbichi, na matundu yakajifunga. Kama ingalikuwa nailoni, yangalibaki kama yalivyo, na habari hii ingalikuwa na mwisho mwingine. Vile viwili vilivyoungua, pasi ilikuwa imegusa sehemu ile ya pembe ambayo kwa kushona upya hukatwa na kutupwa. Kimoja kilibaki na kidoa cha kahawia upande wa ndani, nacho kiliondoka baadaye kwa limau na jua.

Usiku ule tulimaliza pembe 5 tu. Nakiri hesabu ile ilinitia baridi, maana kwa mwendo huo tungefika 30 na mwezi ungekwisha. Tukagawana kazi. Wawili walifumua, mmoja alikuwa kwenye pasi ya mkaa tu, wawili walipima na kupiga bandi, na mjane akashona, kwa kuwa cherehani ni yake na mguu wake umeizoea. Wa saba, msichana aliyemaliza shule juzi, alikata kipande cha boksi gumu akakitia alama tatu: 1, 4 na 8. Toka hapo hakuna aliyeshika futi tena. Uliweka kile kipande ukingoni, ukatia chaki, ukampa mwenzako. Usiku wa pili tulimaliza 14. Wa tatu, zaidi kidogo. Si kwamba mikono ilikuwa imepata wepesi mpya. Hakuna tena aliyekuwa akikisia.

Kitambaa cha kumi na mbili ndicho kilichotushinda. Mmoja wa wale mama, kabla hawajaniita, alikuwa ameona uvimbe ule ukimsumbua, akachukua mkasi usiku peke yake akaikata pembe moja kwa mshazari ili kuipunguza. Nia ilikuwa njema. Lakini alikata kupita ule msalaba wa pasi, yaani alikata ndani ya ncha yenyewe, na pindo lilipofunguliwa palikuwa na pengo la kuingia kidole. Tulilitazama kwa muda mrefu. Huwezi kutia kiraka kwenye kitambaa cheupe cha kuuza. Njia ilikuwa moja tu: kukipunguza kitambaa chote, pande zote nne, na kukishona upya kikiwa cha sentimeta 100. Tukafanya hivyo. Pembe zake zilitoka nzuri kuliko za vingine vyote, na yule mama ndiye aliyezishona, maana mjane aliondoka kwenye kiti chake akampisha bila kusema neno.

Siku ya tano tulivipeleka. Mwenye nyumba alitandika kimoja mezani, akapitisha kiganja juu ya pembe zote nne, kisha akachukua cha pili na cha tatu, akafanya vile vile. Alivipokea 11. Cha kumi na mbili alikikataa, kwa kuwa hakilingani na meza zake, na hapo pia alikuwa na haki. Alilipa fedha za 11 pasipo kupunguza. Deni la dukani lililipwa siku hiyo hiyo jioni, na karatasi ya dhamana ikachanwa mbele yetu. Kilichobaki kugawana kilikuwa kidogo sana. Kwa mtu mmoja mmoja hakikuzidi sukari na mafuta ya taa. Wawili kati ya wale saba walisema kwamba kazi ya namna hiyo hawaitaki tena, wala siwalaumu, maana usiku tano ni usiku tano, na watoto wao walilala bila kuwaona.

Waliobaki ni watano. Mwenye nyumba ya wageni ameagiza vitambaa vidogo vya kufutia mikono, 60, vyenye pindo la sentimeta 2. Nguo imekwisha kuja kwa treni kutoka Tabora, kwa njia ile ya reli iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi ya hapa Mpanda, na safari hii walilipa fedha taslimu kutokana na arubuni kubwa zaidi, ambayo mjane aliidai mwenyewe kabla ya kukubali kazi. Cherehani haikuandikwa popote. Msichana amekata kipande kipya cha boksi, chenye alama za 1, 2 na 4, na Jumatatu wanaanza kuchomoa nyuzi.